UZI: Mimea inayokula wadudu, tunaiua kwa kuihurumia. Karibuni tufundishane

#1 Mtunza Mitego

Wakuu habari zenu,

Muda mrefu nimekuwa mtu wa kusoma na kupita, leo nimeona nami nichangie. Kila nikiweka picha ya vyungu vyangu napokea ujumbe wa aina moja: "Nilinunua ule mmea unaokamata nzi, nikautunza vizuri sana, umekufa. Nimekosea wapi?" Mara nyingi kosa liko hapo hapo kwenye "nikautunza vizuri sana".

Mimi mwenyewe niliua mitatu kabla wa nne haujashika. Wa kwanza niliuhamishia kwenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyoiva, nikajiona nimeutendea wema. Haukumaliza mwezi. Wa pili niliumwagilia maji ya bomba kwa nidhamu ya kijeshi, asubuhi na jioni. Ule haukufa ghafla. Kila jani jipya lilitoka dogo kuliko lililotangulia, mpaka ikabaki kishina cheusi. Wa tatu niliufunika na chupa ya plastiki iliyokatwa nikauweka juani, kwa sababu muuzaji aliniambia unataka joto la msituni. Nadhani uliiva.

Kilichonifungua macho ni kujua ulikotoka. Mtego wa nzi (Dionaea muscipula) porini una kwao kumoja tu: nyanda chepechepe za North Carolina na South Carolina, Marekani. Ardhi ya kule ni mchanga na mboji chachu, imelowa karibu mwaka mzima, na haina naitrojeni wala fosforasi ya maana. Moto wa nyika hupita kila baada ya muda na kufyeka vichaka, kwa hiyo mmea wenyewe mfupi, lakini juu yake hakuna kivuli. Ukishaielewa picha hiyo hutahitaji kukariri masharti: udongo fukara, maji mengi yasiyo na chumvi, jua kali.

Na wadudu? Mdudu si chakula, ni mbolea. Sukari ya kuishi inajitengenezea yenyewe kwa jua kama mmea wowote wa kijani. Mdudu inamfuata kwa ajili ya ile naitrojeni ambayo ardhi imeinyima. Ndiyo maana mtego wa nzi wenye jua na maji safi unaweza kukaa miezi bila kukamata kitu, ila wenye wadudu tele na kivuli unakufa.

Maji ndiyo yanayoua wengi, nitayasemea zaidi. Maji ya bomba na ya kisima yana madini yaliyoyeyuka: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu. Chungulia ndani ya birika la kuchemshia maji, ule ukoko mweupe ndio huo. Chungu kikikauka maji yanapaa, madini yanabaki. Unamwagilia tena, yanaongezeka. Baada ya miezi michache mizizi inakuwa kama imelowekwa baharini. Kuchemsha hakusaidii kitu cha maana: umeua vijidudu, chumvi zimebaki sufuriani na maji yamepungua. Chujio la mkaa linaondoa klorini na harufu, chumvi linaziacha zilivyo. Maji ya chupa ya kunywa mengi yameongezwa madini makusudi ili yawe na ladha.

Yanayofaa ni ya mvua, yaliyokenekwa, au yaliyopita kwenye mashine ya osmosisi (inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi). Kuna kidude kama kalamu cha kupimia chumvi kwenye maji. Ukikichovya kikasoma chini ya 50 ppm, yaani miligramu 50 kwa lita, uko salama. Kama unakinga mvua, ile ya kwanza iache ioshe paa.

Udongo: piti mosi (mboji ya kinamasi) na perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za mwamba uliochomwa), nusu kwa nusu. Basi. Usiweke mbolea hata chembe, na soma mfuko wa piti kabla ya kununua maana mingine imeshatiwa mbolea kiwandani. Ukikosa perlaiti tumia mchanga wa kwatzi uliooshwa, ila usichukue wa pwani, una chumvi na vipande vya simbi. Makumbi ya nazi yanaweza kutumika lakini yana chumvi yake. Yaloweke na kuyasuuza kwa maji safi mara nyingi kabla hujaamini. Chungu kiwe cha plastiki, maana cha udongo hutoa madini taratibu. Kikalishe kwenye sahani yenye maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2.

Karibuni kwa maswali. Sijasomea botania, ni vyungu kumi na vinne tu na makaburi kadhaa.

#2 Kumbikumbi

Yaani mmea ukiupa raha unakufa, ukiupa shida unanawiri? Huu ni wa ukoo wetu kabisa 😂

Naweka kambi hapa.

#3 Mama Vyungu

Asante kwa uzi mwanangu. Mimi wangu nina miezi miwili nao. Wajukuu kila wakipita wanaugusa, unafumba, wanacheka. Sasa mitego minne imekuwa myeusi. Ndiyo unakufa? Nikate?

#4 Mtunza Mitego

Shikamoo mama. Haufi, unachoka.

Ukiangalia ndani ya kila upande wa mtego utaona vinywele vifupi, kwa kawaida vitatu. Mdudu akigusa kimoja mara moja, hakuna kinachotokea. Akigusa mara ya pili ndani ya sekunde 20 hivi, mtego unafumba, na huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hesabu hiyo ndiyo inayouzuia usifumbe kwa tone la mvua au takataka iliyodondoka. Halafu haujamaliza kuhesabu: aliyemo ndani akiendelea kupapatika na kugusa vinywele, ndipo mtego unajibana kabisa kingo kwa kingo na kuanza kutoa majimaji ya kumeng'enya. Hapo unakaa umefumba siku 5 hadi 12. Ukifunguka unakuta ganda tupu.

Sasa wajukuu wakigusa, mmea unatumia nguvu nyingi kufumba, unakuta hamna kitu, unafunguka baada ya siku moja hivi. Kila mtego umepewa idadi ndogo ya kufumba katika maisha yake, kisha unakuwa mweusi. Hata usipoguswa huzeeka, majani mapya yanatoka katikati. Kwa hiyo angalia katikati: kama kuna jani jipya la kijani, mmea mzima ni mzima. Yale meusi kabisa kata kwa mkasi, yenye kijani bado yaache, yanafanya kazi.

Wajukuu waruhusu mtego mmoja kwa wiki, tena wawe na mdudu mkononi. Mdudu tu, nyama hapana.

#5 Jani Bichi

Mleta uzi umesema vizuri lakini hapo kwenye "mdudu tu" naomba nipingane kidogo. Mwanasayansi Darwin alitoa kitabu kizima kuhusu mimea hii mwaka 1875, na humo aliilisha nyama na hata yai. Mimi nimewahi kuupa wangu kipande cha nyama ukala vizuri tu. Kwa nini tunatishana?

#6 Mtunza Mitego

Mkuu, Darwin alikuwa anafanya majaribio, alitaka kujua mmea unatambua nini na unakataa nini. Hakuwa anafuga kwa ajili ya dirishani.

Tatizo la nyama ni mafuta, halafu kipande chenyewe huwa kikubwa na kimekufa. Hakipapatiki, kwa hiyo mtego haujibani sawasawa, bakteria wanaingia, nyama inaoza na mtego unaoza nayo. Harufu yake hutaisahau. Huo wa kwako uliokula vizuri, ule mtego uliendelea kuishi muda gani baadaye?

#7 Nusu Lita

Naomba nimtetee kidogo Jani Bichi. Baada ya kitabu kile, Francis, mwanawe Darwin, alichukua mimea ya Drosera (nayo hula wadudu, huwanasa kwa majani yenye gundi) akaigawa makundi mawili. Moja akalilisha, jingine akalinyima. Lililolishwa likazaa mbegu nyingi zaidi. Na alichokuwa akiilisha ni vipande vya nyama ya kuchoma. Kwa hiyo nyama si sumu.

Ila, na hii ndiyo hoja, vipande vyenyewe vilikuwa vidogo mno, kama chembe. Watu wakisikia "nyama" wanakata kipande cha kumlisha paka.

#8 Mtunza Mitego

Nimekubali, hiyo ya Francis nilikuwa nimeisahau. Nirekebishe basi: ukitaka kulisha kwa mkono, kitu kisizidi theluthi ya ukubwa wa mtego, kisiwe na mafuta, na kama kimekufa, subiri mtego ufumbe kisha uminyeminye kwa upole kwa ncha za vidole kama nusu dakika ili vinywele viguswe. Mtego unadhani aliyemo yu hai. Wengi hutumia minyoo midogo iliyokaushwa ya kulishia samaki wa mapambo, wakailowesha kwanza. Mtego mmoja au miwili kwa mwezi inatosha mmea wote.

#9 Jani Bichi

Ulioza baada ya wiki. Nilitegemea hutauliza.

#10 Kumbikumbi

😂😂😂

Swali la msingi lakini. Mvua kwetu imekata. Haya maji ya betri yanafaa? Si ndiyo hayo yaliyokenekwa?

#11 Fundi Chujio

Nijibu hili kabla mtu hajaharibu kitu.

Maji ya betri yale ya kuongezea, maji matupu yaliyoondolewa madini, yanafaa. Lakini kuna chupa nyingine inayofanana nayo ambayo ni ASIDI ya betri, ile ya kujazia betri mpya. Hiyo ni asidi ya salfuriki. Itaua mmea na itakuchoma wewe. Soma lebo mara mbili. Kama lebo imefutika, acha.

Maji ya kiyoyozi, yale yanayodondoka nje, nayo hayana chumvi nyingi kwa sababu ni mvuke uliopoa. Ila yanapita kwenye vyuma vya mashine na vumbi lake. Yapime, na usiyategemee peke yake.

Na kama una mashine ya osmosisi, pima maji yanayotoka kila baada ya muda. Utando ukichakaa chumvi zinaanza kupita na wewe huoni tofauti yoyote kwa macho.

#12 Mtunza Mitego

Shukrani sana Fundi, hilo la asidi sikuliwaza.

Niongeze: ikitokea umekwama kabisa, siku moja mbili za maji ya bomba ni bora kuliko kuuacha ukauke. Mtego wa nzi ukikauka mizizi haurudi. Chumvi unaweza kuja kuziosha baadaye kwa kumimina maji safi mengi juu, yakatoka chini.

#13 Kivuli cha Dirisha

Mimi naishi ghorofani, sina baraza. Nimeuweka mezani karibu na dirisha. Majani ni marefu, membamba, yamelala, mitego midogo na haina ule wekundu wa kwenye picha. Maji natumia ya mvua. Naona kama una kiu ya kitu ila sijui nini.

#14 Mtunza Mitego

Mwanga. Jani refu lililolegea ni mmea unaonyoosha shingo kutafuta jua. "Karibu na dirisha" kwa macho yetu kuna mwanga kwa sababu macho hujirekebisha, kwa mmea kuna giza. Unataka jua lenyewe liuguse, walau saa nne kwa siku, na sita ni bora. Wekundu ndani ya mtego ni kipimo kizuri, ingawa iko aina ambayo ni ya kijani siku zote hata ukiipeleka jangwani.

Kama dirisha halipati jua, nunua taa ya LED nyeupe ya kawaida, ile nyeupe inayoelekea ubuluu (wanaandika 6500K). Iweke sentimita 15 hadi 30 juu ya mmea, iwake saa 14 kwa siku. Hizo za zambarau si lazima, na zinaumiza macho.

Ukiupeleka juani ghafla majani haya ya kivulini yataungua. Usishtuke, ila upeleke kidogo kidogo kwa wiki mbili. Majani marefu hayatafupika, subiri mapya.

#15 Mama Vyungu

Nimerudi. Hiyo sahani yenye maji imeniletea mbu. Nimeona viluwiluwi kabisa. Nilinunua mmea wa kula wadudu, sasa nimekuwa mfugaji wa wadudu.

#16 Usubi Hapana

Mama umenifurahisha, lakini ni kweli na watu huwa hawalisemi. Hakuna mmea wa aina hii utakaomaliza mbu nyumbani, anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Na sahani ya maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu.

Fanya hivi: usijaze sahani kila siku. Weka maji, yaache yaishe, subiri siku moja udongo ukiwa bado na unyevu, ndipo uongeze. Viluwiluwi haviwezi kuishi pakavu. Ukiona vimeshaingia, mwaga na usuuze. Kuna pia dawa ya bakteria iitwayo Bti, inaua viluwiluwi na haidhuru mmea. Mafuta ya taa usithubutu.

Mdudu mwingine wa udongo wenye unyevu ni usubi, vile vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukitikisa chungu. Kwa hao dawa yangu ni Pinguicula. Ni mmea mnyenyekevu, majani bapa kama ua lililofunguka, ukiyagusa yananata. Huoni chochote kikifumba wala kusogea, lakini baada ya wiki jani limejaa vidoadoa vyeusi. Aina za Meksiko ndizo rahisi ndani ya nyumba, hazitaki kukaa kwenye maji muda wote, na jani moja likidondoka linaweza kuota mmea mpya. Mimi ningeanza na huo kuliko mtego wa nzi, lakini nani ananisikiliza, watu wanataka kinachouma.

#17 Kumbikumbi

Wanataka kinachouma, kweli kabisa. Mimi mmojawapo.

Vidole vya watoto je?

#18 Usubi Hapana

Haumi mkuu. Nguvu ya kumshika nzi haitoshi kuzuia kidole. Wa kuogopa ni mtoto, si mmea.

#19 Paka Watatu

Samahani naingilia na swali la aina nyingine. Nilipewa Nepenthes, ile yenye vikopo vinavyoning'inia. Ilikuja na vikopo saba vizuri mno. Vyote vimekauka kimoja kimoja, sasa ina majani tu. Mkia wa jani unatoka, unafika mwisho, ncha inakauka. Nimeukalisha kwenye maji kama mleta uzi alivyosema.

#20 Mwenye Mabirika

Uzi umefika kwangu sasa. Paka Watatu, utoe kwenye maji leo, kabla hujamaliza kusoma.

Maelezo ya mleta uzi ni ya mtego wa nzi na jamaa zake wa kinamasi. Nepenthes ni mtu mwingine kabisa. Kwao ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki hasa, na wachache wametawanyika hadi Sri Lanka, Madagaska na Shelisheli. Wengi hupanda juu ya miti au hukaa kwenye mteremko ambapo mvua inanyesha kila mara lakini maji hayatuami. Mizizi yake ni myembamba, myeusi, na inataka hewa. Ukiikalisha kwenye sahani inaoza. Mwagilia kutoka juu mpaka maji yatoke chini, yaache yachuruzike, rudia udongo ukikaribia kukauka. Mchanganyiko uwe mwepesi: nyuzi ndefu za sfagnamu (mmea laini wa kinamasi unaofyonza maji kama sponji), perlaiti, vipande vya magome kama vya okidi. Maji safi bado ni sharti, ingawa huvumilia chumvi zaidi kidogo kuliko mtego wa nzi.

Kopo ni ncha ya jani iliyogeuka. Jani linatoka, mkia unarefuka, ncha yake inavimba kama kipuli, halafu kifuniko kinafunguka kikiwa tayari. Hewa ikiwa kavu, ile ncha inakauka kabla haijavimba, ndicho kinachokutokea. Sababu nyingine ni mwanga mdogo, na ya tatu ni safari: ukiuhamisha mahali husitisha vikopo hata miezi miwili mitatu. Kwa hiyo tafuta sehemu moja yenye mwanga mwingi wa jua lililochujwa na pazia jepesi, unyevu wa hewa usiwe chini ya asilimia 50, uache hapo. Usiuzungushe kila wiki ukitafuta pazuri zaidi. Vikopo vilivyokauka havirudi, vitakuja kwenye majani mapya.

Vikija, usimwage maji ya ndani na usifungue kifuniko kwa kucha. Yale majimaji ndiyo tumbo lake. Yakimwagika njiani ongeza maji safi kidogo tu. Na usijaze wadudu. Mmoja wawili kwa kopo. Niliwahi kutia kumbikumbi (samahani mkuu) wachache kwa furaha, kopo likaoza kuanzia chini kwa siku nne.

Jua pia una aina gani. Za nyanda za chini zinataka joto usiku na mchana. Za milimani zinataka usiku wa baridi, nyuzi 10 hadi 15 hivi, na bila hiyo zinadumaa polepole. Nepenthes rajah, ile ya Mlima Kinabalu huko Borneo ambayo kopo lake hubeba zaidi ya lita mbili za maji, ni ya milimani, na watu wenye joto la kudumu hununua miche yake kisha wanashangaa. Kama hujui, yawezekana una chotara inayoitwa ventrata. Ndiyo inayouzwa sana, na Mungu akubariki maana haifi kirahisi.

Nikiwa hapa hapa, ngoja niwape na hii: iko aina ya Borneo, Nepenthes lowii, ambayo ikikua haishughuliki sana na wadudu. Kifuniko chake kinatoa utomvu mtamu, mnyama mdogo kama kindi anakuja kuulamba, na ili aufikie lazima akae juu ya kopo. Akimaliza kulamba anajisaidia humo. Mbolea imepatikana, hakuna aliyeuawa.

#21 Kumbikumbi

Mmea umefungua choo cha kulipia.

Na hao uliotia kwenye kopo walikuwa binamu zangu, nimeumia.

#22 Paka Watatu

Nimetoa kwenye maji. Asante sana. Sahani nimewapa paka.

#23 Jani Bichi

Narudi na hoja nyingine, nadhani hii sitashindwa. Kuna watu wanasema mtego wa nzi lazima ulale usingizi wa baridi miezi mitatu. Mimi naishi penye joto mwaka mzima. Wangu una miaka miwili na haujalala. Upo.

#24 Mtunza Mitego

Upo, lakini uko vipi? Mitego ya mwaka huu ni mikubwa kuliko ya mwaka jana?

Kule kwao kuna baridi mpaka barafu. Siku zikifupika mmea unatoa majani mafupi yaliyolala chini, unasimama, unaishi kwa akiba ya kwenye kitunguu chake. Usipopata mapumziko hayo haufi mwaka wa kwanza, mara nyingi hata wa pili. Unafifia.

Kwa wasio na majira ya baridi kuna mbinu ya jokofu. Ung'oe, suuza mizizi kwa maji safi, kata majani meusi, zungushia sfagnamu yenye unyevu (usiwe unachuruzika), tia kwenye mfuko wa plastiki, weka sehemu ya chini ya jokofu isiyogandisha miezi mitatu. Chungulia kila wiki mbili, ukungu ukianza ondoa sehemu hiyo. Mmoja wangu niliupoteza kwa ukungu kwa sababu nilisahau kuchungulia mwezi mzima. Sarracenia (jamaa mwingine wa kinamasi, majani yake ni kama mirija ya kunasia wadudu) nayo inataka usingizi.

#25 Jani Bichi

Ni midogo kuliko ya mwaka jana.

Mke wangu hatakubali mmea kwenye jokofu.

#26 Nusu Lita

Basi achana nao, fuga Drosera capensis. Kwao Rasi, Afrika Kusini. Haihitaji kulala. Majani marefu yamejaa vinywele vyekundu, kila kimoja na tone linalometa kama umande, ila si umande, ni gundi. Usubi akitua, vinywele vya jirani vinamwinamia, kisha jani zima linajikunja taratibu kumzunguka, kwa kama nusu saa. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko kufumba kwa ghafla, maana unakaa unalitazama.

Jua, maji safi, sahani, piti. Yale yale ya #1. Usiinyunyizie maji kwa juu, unaosha gundi. Ikikosa matone kabisa, ama imetoka safarini au mwanga hautoshi. Ikichanua haihitaji mwenza, inajichavusha yenyewe na kumwaga mbegu kama vumbi. Mwaka unaofuata utaikuta kwenye vyungu vya majirani zake wote. Au kata jani, lieleeze juu ya maji safi kwenye bakuli penye mwanga, baada ya wiki kadhaa vimiche vinachipua mgongoni mwake.

#27 Mtunza Mitego

Nusu Lita amesema kweli, ningeanza na huo nisingekuwa na makaburi.

Jambo moja nilisahau: vidukari. Majani mapya yakitoka yamepinda, mitego imekunjamana, angalia katikati kwa kioo cha kukuzia. Usikimbilie sabuni. Zamisha chungu chote na mmea wake ndani ya maji ya mvua siku mbili. Vidukari wanazama, mmea wenyewe umezoea mafuriko.

Na tafadhali tununue iliyooteshwa vitaluni. Ile ya porini kule North Carolina iliibwa kiasi kwamba tangu 2014 kuing'oa bila ruhusa ni kosa la jinai zito. Mingi iliyoko sokoni inazalishwa maabara, hakuna sababu ya kuchukua ya porini.

#28 Mama Vyungu

Wanangu, wiki sita zimepita. Ile myeusi nilikata. Imetoka mingine saba, na miwili ina wekundu ndani. Wajukuu sasa nimewapa kazi ya kukinga mvua, wanagombania ndoo.

Swali: katikati kuna kitu kimechomoza, hakifanani na jani. Kinapanda wima na kichwani ni cha mviringo.

#29 Mtunza Mitego

Hongera mama. Hilo ni ua. Linapanda juu sana makusudi, ili nyuki wanaolihudumia wasije wakaishia kwenye mitego. Lakini linakula nguvu nyingi, na mmea wako ndiyo kwanza unapona. Likifika sentimita 5 likate.

#30 Mama Vyungu

Silikati. Nimesubiri miezi minne, nataka nilione.

#31 Mtunza Mitego

Haya mama. Basi utafutie nzi wawili, na sahani isikauke mpaka limalize.